Mizani ya Nane

Siku niliyompoteza Argia nilikuwa nimevaa kofia ya bati yenye manyoya mekundu, upanga wa mbao kiunoni, na kijiji kizima kimekaa kwenye nyasi kinanitazama. Wengine hupoteza mpenzi wakiwa wawili tu nyuma ya mlango. Mimi nilimpoteza mbele ya padri, mbele ya mwenye kinu, na mbele ya mama yangu aliyekuwa anamenya yai la kuchemsha.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, kijijini kwetu Roncopiano, kwenye ule uwazi katikati ya msitu wa kastanya, miti ya njugu tunazosaga unga, ambako tunachezea Mei. Ndivyo tunavyouita mchezo wetu wa kuimba, ingawa mwezi wa Mei wenyewe ulikuwa umeshapita na nyasi zimekauka. Mna wafalme, mashujaa, vita na machozi, na kila kitu huimbwa, mizani nane kila mshororo. Kati ya ubeti na ubeti Mzee Olinto hupiga fidla yake ili mwimbaji apate pumzi.

Nyuma ya kila mwimbaji hutembea mnong'onezaji. Hajifichi. Amevaa nguo zake za kila siku, daftari mkononi, anakupa mshororo sikioni nawe unauimba. Ukiwa bado umeshikilia sauti ya mwisho, yeye ameshakupa unaofuata. Watu wamemzoea hata hawamwoni tena. Na tangu macho ya Mwalimu Fioravante, mtunzi wetu, yaingiwe na ukungu, mnong'onezaji alikuwa binti yake, Argia.

Hebu fikiria. Msichana wa miaka ishirini na mbili, midomo yake upana wa kidole kutoka sikioni mwangu, baba yake yupo, padri yupo, na hakuna anayekohoa. Kanisani wangetutoa kwa fimbo.

Mimi shule niliipata vipande vipande. Kila Oktoba tulishuka na kondoo hadi nyanda za pwani, na tuliporudi Mei wenzangu walikuwa ukurasa wa mwisho. Nilijua kusoma jina langu na majina ya vituo vya treni. Kwa hiyo beti nilizishika kwa sikio, jikoni kwa Mwalimu, mvua ya Juni ikipiga vioo na Argia akikoroga ugali wa kastanya huku ametupa mgongo.

"Sarebbero," alisema Mwalimu. "Wangekuwa. Likate."

"Sa. Reb. Be. Ro."

"Vipande vinne. Vizuri. Uzito uko wapi?"

Nikakaza sauti kwenye kipande cha tatu. Mwalimu akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

"Pellegrino, unalipanda neno kama mtu anayempanda punda kwa mkia. Cha pili, kijana. Reb. Hivyo viwili vya mwisho viache vishuke vyenyewe."

"Nisamehe Mwalimu. Kule kwa kondoo hakuna mizani."

"Kondoo wako wanajua neno moja tu, na wanalisema sawasawa."

Argia alicheka ndani ya sufuria. Mabega yake ndiyo yaliyocheka, mimi nikayaona, na kuanzia siku hiyo nikaanza kukosea kwa makusudi.

"Na verrei?" Mwalimu aliendelea. "Ningekuja."

"Ver. Rei. Viwili. Uzito uko mwishoni."

"Likikaa mwisho wa mshororo?"

Argia akajibu bila kugeuka. "Unahesabu mizani saba, Baba, lakini ni nane."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uzito ukiangukia mwisho kabisa, sikio linabaki linangoja. Ule ukimya unahesabiwa."

"Umesikia, Pellegrino? Ukimya unahesabiwa. Maneno haya ya ningekuja na ningetaka yote yanaishia hivyo. Ukiyafikia, usikimbilie mshororo unaofuata kama vile nyumba inaungua."

Tulipoanza mazoezi uwanjani, Argia alibuni njia yake. Alinishika kiwiko kwa nyuma.

"Nikikubonyeza hapa, ndipo uzito ulipo. Nikikubonyeza kwa nguvu, toa kifua chote. Umeelewa, Grino?"

"Na kama nataka unishike tu, bila neno?"

"Basi utaimba kama jogoo aliyepotelewa na asubuhi, na Baba atatufukuza wote wawili."

Alisema bila kunitazama. Lakini sikio lake lilikuwa jekundu hadi ncha, na mkono haukutoka kwenye kiwiko.

Nisiseme mengi juu ya Julai. Tulikuwa na ukuta mmoja nyuma ya tanuri la mkate, tukakaa pale. Ana kovu dogo kwenye kidevu, lililoachwa na mundu. Nalijua kwa kidole.

Siku ya Mtakatifu Lorenzo, tarehe kumi Agosti, nilinyoa, nikaweka jibini nzima kwapani, nikaenda kwa Mwalimu kuposa. Alinikaribisha kiti. Jibini akaigusa, akainusa, akaisukuma katikati ya meza.

"Unaondoka lini?"

"Karatasi za mgodini Ubelgiji zimekuja, Mwalimu. Jumatatu baada ya Mei."

"Zinasemaje?"

"Zinasema kazi ipo, na nyumba ipo."

"Nisomee. Mimi macho sina."

Niliitoa karatasi mfukoni. Jina langu nililisoma. Mstari wa pili nilisimama kwenye neno la kwanza nikabaki hapo, kama nyumbu aliyefika daraja asilolijua. Argia alikuwa mlangoni na ndoo. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Inatosha," alisema Mwalimu, na sauti yake haikuwa kali, ndicho kilichoniuma. "Wewe si mtu mbaya. Una kifua ambacho kijiji hiki hakijapata kukiona. Lakini nimpe binti yangu mtu ambaye barua zake zitaandikwa na mwingine? Utamshusha kwenye shimo la makaa, halafu siku moja atakuja mtu na karatasi nyingine, na hiyo itabidi aisome yeye. Hapana. Ivo wa kinuni ameshazungumza nami kuhusu kumwoa."

"Na Argia amesemaje?"

"Argia ana baba."

"Mwalimu, kusoma nitajifunza."

"Ungejifunza," alisema. "Tangu una miaka sita, ungejifunza." Akasimama. "Mei utaimba, maana sina mwingine. Nje ya uwanja, ukimwambia neno moja tu, mchezo nauvunja, na sababu nitaitaja kanisani. Jibini yako usiisahau."

Niliisahau. Kwa makusudi.

Kwa wiki mbili sikumwona. Mazoezi yalikwisha, naye hakutoka; hata maji alichota shangazi yake Desolina, mwanamke mwenye macho kama ndoana. Ijumaa nikamkamata Mzee Olinto akipaka upinde wake ulimbo.

"Mwambie lori linaondoka Jumatatu asubuhi. Nitamngoja popote atakaposema. Anijibu tu."

"Mimi mpiga fidla, si posta."

"Mzee Olinto, tafadhali."

Aliuweka upinde chini. "Akikataa usinililie begani. Koti ninalo moja." Akaenda kwa Mwalimu kwa kisingizio cha kuulizia beti, akarudi anafuta masharubu. "Wamenipa divai, si haba. Desolina kaketi kati yetu kama mlango. Lakini binti kanisindikiza hadi ngazini. Amesema atakujibu uwanjani."

Ndipo nikaelewa. Kijiji kizima, na mahali pamoja tu ambapo Argia angeweza kuniambia jambo ni pale ambapo wote wanatutazama.

Jumapili alikuja na daftari kifuani. Alikuwa amekonda. Nywele amezifunga nyuma kwa nguvu hadi macho yamekuwa makubwa, na mikono ilikuwa na mipasuko ya majivu na sabuni. Alipopita kwenda kusimama nyuma yangu alinitazama mara moja, si zaidi ya kupepesa. Nimezunguka nchi nyingi tangu siku ile, na nimetazamwa na wanawake wengine, sidanganyi. Hakuna aliyenitazama vile, kama mtu anayepima mto kabla ya kuuvuka.

Saa nzima ya kwanza hakuniambia kitu ila beti. Nilikuwa shujaa Oldrado, nikaua majitu mawili, nikajeruhiwa, nikapona. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake chini ya turubai, macho yake meupe yameelekea sauti, vidole vya mkono wa kulia vikihesabu mishororo gotini. Kila mshororo ukiwa sawa, kidole kimoja kilikunjuka.

Lazima niseme jambo hapa, maana bila hilo nitaonekana mpumbavu zaidi kuliko nilivyo. Ukiwa uwanjani kichwa si chako. Sikio linapokea, mdomo unatoa, na kati yao hakuna mtu. Kwa asiyejua kusoma ni zaidi, maana hana ukurasa kichwani wa kulinganishia. Mtu akikunong'oneza bei ya chumvi kwa mizani nane, utaiimba.

Tulifika kwenye kuaga. Oldrado anaondoka vitani. Niliimba ubeti wa kwanza, Olinto akapokea kwa fidla, nami nikatembea hatua zangu kumi kama ilivyo desturi, Argia nyuma yangu. Na katikati ya fidla, midomo yake ikaja karibu kuliko siku zote.

*Ningekuja kabla jua,*
*kisimani uningoje,*
*kama baba hatajua.*

Angelisema kwa maneno ya kawaida, yaliyochongoka huku na huku, ningelijua ni yangu. Lakini huyu alikuwa amelelewa na mizani nane tangu utotoni. Jambo zito lilipomfika kooni lilitoka limepimwa, uzito mahali pake, laini kama kokoto la mtoni. Fidla ikanyamaza. Nikafungua mdomo.

Nikaimba mshororo wa kwanza. *Ningekuja kabla jua.*

Argia alinishika kiwiko akabonyeza kwa nguvu zake zote, kucha zikaingia kwenye nyama. Na mimi, kwa vile nilivyofundishwa, nikatoa kifua chote. *Kisimani uningoje* ulitoka hadi ukagonga mlima wa pili ukarudi.

"Grino, hapana," alisema. "Hapana, hapana."

Hayo hayakuwa na mizani. Niliyasikia. Lakini mshororo wa tatu ulikuwa umeshavuka meno. *Kama baba*, niliimba, na hapo ndipo nilipojisikia. Oldrado hana baba. Baba yake alikufa ubeti wa nne.

Nilinyamaza. Nusu ya mshororo ikaning'inia juu ya uwanja.

Mwalimu, kwa mishororo miwili ya kwanza, alikuwa amekunjua vidole viwili na kuitikia kwa kichwa, nadhani alidhani amesahau ubeti wake mwenyewe na anaufurahia. Kidole cha tatu kilinyanyuka nusu kikabaki hapo.

"Oldrado, endelea bwana," kijana mmoja wa kinuni alipiga kelele kutoka kwenye nyasi. "Baba kafanyaje?"

Wakacheka wachache. Halafu wakaanza kutazamana, na kicheko kikakatika kipande kipande. Kisima chetu ni kimoja, kiko mbele ya shule anakoishi Mwalimu, chini ya dirisha la Argia. Mama yangu alikuwa ameshika yai lake mkononi, nusu ina ganda.

Mwalimu alikuja kwa fimbo, taratibu, watu wakimpisha. Alinyoosha mkono hewani mpaka akalipata daftari, akalichukua.

"Nenda nyumbani."

"Baba, zamu yangu haijaisha."

"Nenda na shangazi yako, Argia."

Argia hakwenda mara moja. Alisimama mbele yangu, mbele kabisa, mahali ambapo mnong'onezaji hasimami kamwe, na safari hii kila mtu alimwona. Alinitazama. Alikuwa anangoja. Nilijua anangoja nini. Hata mbwa wa padri alijua. Upanga wa mbao ulikuwa mkononi mwangu na kofia ya bati ilikuwa inanichoma paji la uso.

Sikusogea.

Desolina alimshika mkono. Walipoingia kwenye miti, shati lake jeupe lilionekana mara mbili kati ya mashina, kisha basi.

Mei haisimamishwi. Ilichezwa mwaka wa mvua ya mawe, ilichezwa siku aliyozikwa padri wa zamani. Mwalimu alijiweka nyuma yangu, akanusa tumbaku yake, akamwashiria Olinto. Daftari hakulihitaji, beti zote zilikuwa kichwani mwake. Akaninong'oneza mshororo.

Na mimi nikauimba.

Sitajitetea. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa nimezoea kuambiwa. Sikio lilipokea, mdomo ukatoa. Niliimba kuaga kwa Oldrado hadi mwisho, wanawake wakalia pale walipotakiwa kulia. Kwenye fidla ya mwisho Mwalimu alisogea karibu.

"Kesho kisimani nitakuwepo mimi. Lori lako likija, panda."

Aliyasema vile kwa kuyavunja, bila kupima, ili nisije nikayaimba. Kazi yake aliijua.

"Mwalimu, mimi nampenda."

"Imba," alisema.

Jumatatu kulikuwa kumekucha nilipofika kisimani na sanduku langu lililofungwa kwa kamba. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jiwe la kunyweshea, koti mabegani. Juu yetu dirisha la Argia lilikuwa limefungwa, mbao za kijani, rangi imebabuka. Lori lilikuwa limesimama hapo hapo, dereva na wenzangu wawili wanafunga mizigo.

"Umekuja kumwona," alisema Mwalimu.

"Umemfungia?"

"Mlango uko wazi. Nenda uusukume kama huniamini."

Niliutazama mlango wa shule. Kweli ulikuwa wazi, upana wa kiganja, paka akitoka.

"Jana usiku nilimwambia aende anakotaka," alisema. "Mimi ni mzee, Pellegrino. Ulipoukatiza ule ubeti, nilijua ni wake. Umetungwa vizuri. Sijawahi kumfundisha kutunga." Akapangusa macho yasiyoona. "Hakunijibu. Aliniuliza jambo moja tu. Kama baada ya yeye kuondoka uliimba."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia ukweli. Kwamba uliimba hadi mwisho, na hukukosea hata uzito mmoja."

Dereva alifunga kamba ya mwisho akaniita jina. Nilimwita Argia. Nilimwita mara moja, si kwa kifua cha uwanjani, kwa sauti yangu hii ya kawaida ambayo hakuna mtu amewahi kuisifu.

Dirisha halikufunguka. Lakini nyuma ya mbao kulikuwa na mtu. Kifundo cha kidole kiligonga ubao, polepole. Mbili nyepesi, ya tatu nzito. Mwalimu alinyanyua uso. Vidole vyake vilianza kuhesabu gotini, na vyangu pia, kwenye mpini wa sanduku. Nne, tano, sita, nyepesi zote. Kisha ya saba, nzito, ubao ukalia.

Tukangoja ya nane. Haikuja.

"Mshororo umeishia kwenye uzito," alisema Mwalimu chini chini. "Moja ya yale maneno."

"Lipi, Mwalimu?"

"Ningekuja linaishia hivyo. Ningetaka pia. Ningekusahau pia. Neno lenyewe analo yeye. Sisi katuachia hesabu."

Honi ikalia. Nilipanda nyuma, nikakaa juu ya gunia la unga wa kastanya wa mtu mwingine, uso wangu kwenye dirisha lile. Lori liliteremka kona ya kwanza, shule ikapotea, halafu kinu, halafu makaburi. Mwenzangu aliniuliza nina nini, mbona siongei.

"Nahesabu," nilimwambia.